Nilivyotafuta Kiganja Kingine

Hamjambo nyote. Hamjambo mlioketi, na hamjambo mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimekwisha. Mwenyekiti wa kikundi ameniita kando akaninong'oneza mambo matatu: nisiongee sana, nisitaje mtu kwa jina, na nisikasirike. Jina sitataja. Hayo mengine, ndugu zangu, tutaona.

Wengi mnanijua. Nilikuwa nakaa hapa hapa Kitale, mtaa huu wa Kibomet, kabla sijahamia Bungoma. Kwa wale wageni, mimi ni mpiga taipu. Sikusema "nilikuwa". Mimi ni mpiga taipu, na mkono wangu wa kulia unaishia hapa kwenye kifundo. Mmeniona mlangoni nikiwasalimia kwa kushoto, na kuna mzee mmoja aliyerudisha mkono wake nyuma. Simlaumu, ndivyo tulivyolelewa, kwamba kushoto si mkono wa kumpa mtu mzima. Lakini mimi huu ndio ninao, mzee wangu, na baada ya mkutano nitakuja kukusalimia tena.

Mkono ulienda na mashine ya kupukuchua mahindi, nyumbani Chwele, huko Bungoma, wakati wa mavuno. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini Kitale nikasaidie nyumbani. Mkono wa sweta ukashikwa, na mkono wenyewe ukafuata. Sitaeleza zaidi, kwa sababu wengine hapa mna hadithi zenu na hamkuja kulia.

Nilipotoka hospitali watu walikuja kuniona na kila mmoja alikuwa ameshanipangia maisha. Huyu anasema nifuge kuku. Yule anasema nikae nyumbani, Mungu ataleta mtu. Mtu wa kufanya nini? Mimi nilitaka kiti changu. Nilikuwa na kiti changu katika ofisi ya kupigia watu taipu pale mjini Kitale, barua, maombi ya kazi, programu za mazishi, na hakuna aliyekuwa akinipita kwa kasi.

Sasa, nawaambia, kuandika kwa mkono mmoja kwenye kibodi ya kawaida kunawezekana. Nilijaribu. Mkono unaruka kutoka huku hadi kule mchana kutwa kama kuku aliyemwagiwa maji, na jioni kifundo chake kimevimba. Mteja anakaa pale anapumua kwa sauti. Ukurasa mmoja unakula nusu ya asubuhi.

Kilichoniokoa kilikuja kutoka mahali nisipotarajia. Nina binamu Nairobi, yeye hutengeneza kompyuta. Katika makatoni ya kompyuta za mtumba alikuta kidude cheusi ambacho kila mtu pale alikuwa amekiruka, akanitumia. Ni kibodi ndogo ya mkono mmoja tu. Unalaza kiganja juu yake, vidole vinakaa kwenye vitufe, na kidole gumba kina kijiti chake cha kusukuma. Wazungu wanaitumia kucheza gemu za kompyuta. Mkono wa kulia unashika kipanya, wa kushoto unakaa hapo unapiga watu risasi. Na uzuri wake ni kwamba kila kitufe unakipangia mwenyewe kazi yake. Ukitaka kiandike a, kinaandika a.

Mmesikia lakini? Mkono wa kushoto! Nilipokilaza kiganja changu hapo nilicheka mpaka mama akaja kuangalia. Tangu niumie, kila kitu nilichogusa kilikuwa kimetengenezewa mtu mwingine. Chupa, mkasi, mkoba, hata vifungo vya blauzi. Hiki kilikuwa kimetengenezewa mkono huu.

Ofisini tulikiita kiganja. Nikakaa nacho na kukipanga. Kiswahili kinapenda sana a, basi a nikaipa kidole chenye nguvu. Vitufe havikutosha herufi zote, kwa hiyo nyingine zilikaa pamoja na kijiti cha gumba ndicho kilichozitenganisha. Kwa mfano l na r niliziweka kwenye kitufe kimoja. Ukibonyeza tu unapata l. Ukisukuma kijiti juu na kubonyeza unapata r. Huko juu nilikuwa nimeweka r pamoja na q na x, ambazo Kiswahili hakina haja nazo.

Naona watu wa kwetu wanacheka tayari. Ngojeni kwanza.

Nilirudi kwenye kiti changu na nikakikalia vizuri. Nilipiga taipu na kiganja kile kwa miaka, mpaka herufi nilizoandika kwa wino kwenye vitufe zikafutika zote na sikuzihitaji tena. Bosi alikuwa akileta wageni wake wanitazame. "Mnaona huyu? Mkono moja!" Mimi nawaangalia tu. Sikupenda kuonyeshwa kama ng'ombe wa maonyesho, lakini kazi ilikuwepo, basi nikaendelea kupiga.

Kitu kinazeeka, ndugu zangu. Kwanza raba ya chini ilibanduka, nikabandika kipande cha ndara. Waya ukachanika, nikaufunga na seloteipu. Halafu kijiti cha gumba kikaanza ujeuri. Leo kinashika, kesho hakishiki. Nilimwambia bosi. Nilimwambia tena. Akasema tutaona.

Basi ukaja wakati wa kampeni. Kuna bwana mmoja alitaka udiwani, akamtuma mtu wake na karatasi yenye maneno ya bango. Huyo mtu alikuwa na haraka, amesimama nyuma ya shingo yangu anagonga meza kwa funguo za pikapu. Nikapiga. Nilipoangalia kwenye kioo cha kompyuta nikaona kijiti kimekataa upande wa juu kabisa. Nikamwambia, "Ngoja ndugu, hii si sawa, wacha nisahihishe na kibodi ile nyingine." Yeye alishaona picha ya mkubwa wake imekaa vizuri. Akamwambia kijana wa printa atoe, akazichukua zikiwa bado moto, akaondoka nazo.

Kesho yake bango limebandikwa kila ukuta kuanzia sokoni hadi huku kwetu Kibomet. NAOMBA KULA ZENU. Na chini yake, BALABALA NZULI KWA WOTE.

Chekeni. Mimi mwenyewe sasa nacheka. Siku ile watu walikuwa wamesimama mbele ya ukuta wanashikana mabega. "Huyu bado hatujamchagua, tayari anaomba kula!" Mwenye bango akaja ofisini na macho mekundu, na bosi wangu, mbele ya wateja wote, akanionyesha kwa kidole. Akasema, "Pole sana mheshimiwa. Ni huyu msichana. Unajua hawa watu wa Bungoma na hizo r zao."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoumia. Ndiyo, mimi ni mtu wa Chwele. Kwa mdomo nikiwa na watu wangu ninachanganya l na r na sioni aibu hata kidogo, ni lugha ya mama yangu inapumua ndani ya Kiswahili. Lakini vidole vyangu havijawahi kuchanganya! Nilikuwa mpiga taipu kabla bosi hajajua kuwasha kompyuta. Nikamwambia, "Bosi, si ulimi, ni kijiti. Nilikwambia kimekufa." Akasema niache maneno.

Kiti changu akapewa dada mwingine, mwenye mikono yake yote. Sina neno naye, alikuwa anatafuta riziki kama mimi. Mimi nikawekwa mlangoni niuze bahasha na kalamu, "mpaka hiyo kitu yako ipone."

Nikauza bahasha. Kanisani dada mmoja akanishika bega akaniambia, "Usijali, Mungu akifunga huku atakufungulia mlango mwingine." Nikamwambia, "Dada, mlango ninao. Ndipo nilipokalishwa."

Nikaanza kutafuta kiganja kingine. Nilianza na fundi wa redio pale karibu na soko. Akakifungua, akapuliza vumbi, akaunganisha hapa na pale, akakifunga. Kikaandika mstari mmoja kikafa tena. Akaniangalia kwa heshima akasema, "Dada, hii imetumika. Mimi nikichakaa hivi mnizike tu." Hakukubali kulipwa.

Binamu yangu wa Nairobi nilimpigia, akasema hajaona kingine kama kile tangu siku hiyo, lakini ataangalia. Nikaingia maduka ya kompyuta ya Kitale, moja baada ya lingine. Naeleza, kibodi ya mkono mmoja, ya kushoto, ambayo unaweza kupangia herufi. Wa kwanza akaniletea kalkuleta. Mwingine akaniletea vile vitufe vya namba tupu, vya watu wa benki. Mwingine akaleta rimoti ya televisheni, na nawaapia hakuwa anatania. Kulikuwa na mmoja aliyevaa tai, akanisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa nini usitafute mtu akuandikie, wewe uwe unamsomea tu?"

Nikamuuliza, "Wewe una mtu anayekuvalia tai?"

Mwenyekiti, usinikazie macho. Nilikuwa nimechoka.

Kulikuwa na siku nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Nawaambia ukweli, nilianza kuamini kwamba kile kiti kilikuwa cha kuazima tu, na mwenyewe amekuja kukichukua. Nilimwambia bosi nahitaji kwenda kwetu, akasema nenda, bahasha zitajiuza.

Chwele nilikuta mama ameshanitafutia nafasi sokoni, karibu na wauza vitunguu. Mama yangu hana ubaya. Alikuwa amenunua hadi gunia la kutandika. Akaniambia, "Mwanangu, kazi ni kazi. Vitunguu haviurizi una mikono mingapi."

Nikamwambia, "Mama, asante. Lakini mimi ni mpiga taipu."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Basi hiyo kitu yako, wazungu wanafanyia nini?"

"Wanachezea gemu."

"Sasa kama ni ya kuchezea, wewe kwa nini unaurizia kwa watu wa ofisi? Si uende kwa wanaocheza?"

Nilisimama pale na bakuli la mboga mkononi kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Muda huo wote nilikuwa nikitafuta kitu cha mchezo kwa watu wasiocheza. Kwa sababu kwangu kilikuwa kitu cha kazi, nilikuwa nimesahau kilizaliwa kuwa nini. Siku iliyofuata nikapanda gari la Bungoma.

Bungoma mjini, kwenye uchochoro nyuma ya kinyozi, kuna chumba cha gemu. Mlangoni kuna pazia, ndani kuna benchi na televisheni, na vijana wanacheza mpira wa kwenye kioo kwa kelele kuliko uwanja wenyewe. Nilipofungua pazia mmoja akageuka.

"Niaje siz. Umepotea? Cyber ya intaneti iko pale mbele."

"Sijapotea. Mwenye hapa nani?"

Mwenye hapa alikuwa mama mzima, amekaa nyuma ya meza anakula ugali na mboga ya mrenda bila haraka. Mjane, nilikuja kujua baadaye. Wale vijana wote walimwita Mama Gemu. "Kalibu," akaniambia. "Unataka kucheza ama unatafuta mtoto wako? Kama ni mtoto, sema jina, nimfukuze."

Nikatoa kiganja changu kutoka kwenye mkoba, kile kizee, na ndara yake na seloteipu yake, nikakiweka karibu na sahani. Nikamweleza. Akaosha mikono, akakigeuza huku na huku. Halafu akainama chini ya meza, akavuta katoni ya waya zilizochanganyikana, akafukua, akatoa kingine.

Nilishika meza.

Hakikuwa sawa na changu. Wa ukoo mmoja, lakini si tumbo moja. Hiki kilikuwa kipana kidogo, vitufe vyake vilikuwa vingi zaidi, na kilikuwa kipya kabisa, hata harufu ya plastiki haijatoka. "Ndugu yangu alileta kutoka ng'ambo," Mama Gemu akasema. "Lakini imehalibika kabla ya kutumika. Hawa vijana waliweka kwa kompyuta, ikaandika herufi kidogo tu, tena zire zire. Nikatupa huko."

Nikauliza kama kilikuja na CD. Akatafuta, akaipata ndani ya boksi lake, ingali kwenye nailoni. Hakuna aliyewahi kuifungua. Ndugu zangu, hakikuwa kimeharibika! Kilikuwa kinasubiri mtu akiambie kifanye nini na vitufe vyake.

Kwenye kona alikuwa na kompyuta moja. Nikaomba kukaa. Vijana wakaacha mpira wao, wakanizunguka. Nikaweka ile CD, programu ikakubali, ikanionyesha picha ya vitufe vyote vikiwa wazi. Nikaanza kupanga. A kwenye kidole chenye nguvu. I jirani yake. Nilipofika kwenye l na r nikasimama. Safari hii vitufe vilitosha. L nikaiweka chini ya kidole cha shahada, na r nikaipa kitufe chake peke yake, haitegemei kijiti cha mtu yeyote.

Mama Gemu alikuwa anaangalia kwa juu ya bega langu. "Za nini kuzitenganisha? Si ni kitu moja?"

"Mama, kwa mdomo ni kitu moja. Kwa karatasi wamenitoa kwenye kiti."

Chumba kizima kikacheka, na mimi pia. Nikaandika. Mwanzoni vidole vilitafuta njia, maana nyumba ilikuwa ngeni. Halafu vikaanza kukumbuka. Mama Gemu akasema niandike tangazo la ukutani, nikaandika: MARUFUKU KUPIGA VITUFE KWA HASIRA. UKIFUNGWA, UMEFUNGWA. Kijana mmoja akapiga mluzi. "Ah, siz anaroga keyboard!"

Nilipouliza bei, Mama Gemu akatikisa kichwa. Akasema nichukue tu, kwake ni takataka. Nikakataa. Nimepewa vitu vingi kwa huruma tangu niumie, na vyote huwa vinakuja na mkono juu ya kichwa. Nikamwambia aseme tunabadilishana nini. Akafikiri. Akasema, "Asubuhi hawa wako shure, hii kompyuta inarara tu. Kuja ukae hapa uandikie watu, chumba kisikae bure. Mimi nimechoka kukaa peke yangu na televisheni." Nikamwambia nitafikiria, lakini kwanza nina kiti Kitale.

Nikarudi Kitale na kiganja changu ndani ya mkoba. Nikapita pale mlangoni kwenye bahasha bila kusimama, nikakiweka mezani kwa bosi. Nikamwandikia ukurasa mbele yake. Akausoma wote. Hakuna kosa. Akacheka, akapiga meza, akasema, "Karibu nyumbani! Kiti chako hicho. Sharti moja tu. Kila ukiandika, mwenzako atasoma kwanza kabla haijatoka. Hasa hizo herufi zenu."

Zenu!

Nilikuwa nimekilia hicho kiti, nimekiombea, nimekitafuta kwa maduka na kwa uchochoro. Sasa kilikuwa hapo, nyuma yangu, na magoti yangu yalitaka kukaa. Nikamwambia, "Bosi, nikikosea nisahihishe, kama unavyosahihisha kila mtu. Lakini huwezi kuniwekea mlinzi kabla sijaandika."

"Sharti ni hilo."

"Basi kaa na kiti chako."

Nikachomoa waya, nikauzungusha kwenye kiganja changu, nikatoka. Na nawaambia, mguu wangu ulipogusa nje niliogopa. Sikuwa jasiri. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinibeba hadi kituoni. Ujasiri ulinikuta Bungoma baadaye, nikiwa tayari kazini.

Hivyo ndivyo nilivyohamia. Asubuhi ni taipu, jioni ni mpira. Watu walianza kuingia mmoja mmoja, wanachungulia pazia kwanza kama wanaiba. Katiba za vikundi, maombi ya kazi, barua za kwa chifu, programu za mazishi hasa. Watu wa Chwele wakishauza vitu vyao sokoni wanasema twende kwa yule wa gemu. Leo nina chumba changu jirani na kile, kina mlango wa mbao na ubao wa jina, na Mama Gemu bado ananiletea mrenda. Hakuna mlinzi anayesoma kazi yangu kabla haijatoka.

Nawashukuru. Namshukuru binamu aliyeona kitu ambacho wengine walikiruka. Namshukuru yule fundi aliyeniambia ukweli bila kunitoza. Namshukuru mama yangu, ambaye gunia lile sasa analikalia yeye mwenyewe na vitunguu vyake vinakwenda vizuri. Namshukuru Mama Gemu. Na nyinyi wa kikundi hiki nawashukuru, kwa sababu nilipokuwa mlangoni na bahasha zangu mlikuja kuzinunua hata kama hamkuwa na wa kumwandikia barua. Nilijua.

Mwenyekiti anasema nitoe funzo. Mimi si mhubiri. Ninachojua ni kwamba watu watakuja na maisha waliyokwisha kukupangia, wengi kwa upendo, na ukiwa umelala kitandani huna nguvu ni rahisi kuitikia. Usiitikie haraka. Sema unachotaka, kwa sauti, hata kama ni kitu ambacho duka zima halijakisikia. Wakikuletea kalkuleta, rudisha, useme tena.

Ninamalizia. Kuna dada ameketi pale karibu na dirisha, ni mara yake ya kwanza kuja, bado ana bendeji mkononi. Karibu sana, dada. Wakati wa kujitambulisha kakako alisimama akatuambia kwamba ulikuwa mshonaji, na kwamba sasa mtafungua duka la soda. Ni kaka mzuri, amekuleta, amekushikia mkoba. Lakini mimi nilikuwa nakutazama wakati anasema soda.

Kwa hiyo nakuuliza mbele ya hawa wote, na tuna muda, hatuna haraka. Unataka kufanya kazi gani?

Hapana, usimwangalie kaka. Nimekuuliza wewe.